Ubia, ukandarasi mdogo au uwakala? Njia za kushirikiana na kampuni ya nje kwenye kazi za TEHAMA serikalini

Kampuni za TEHAMA za Mbeya, Iringa na Njombe zimeanza kutafutwa na wageni. Kampuni ya India, Uturuki au China imesikia kwamba serikali ya Tanzania inahamishia huduma zake mtandaoni, inataka kuingia, na inamtafuta mwenyeji mwenye ofisi, leseni na mafundi huku Nyanda za Juu Kusini. Barua pepe ya kwanza huwa tamu. Ya pili inauliza: tuingie ubia, tukupe kipande cha kazi, au uwe wakala wetu?

Wengi hukimbilia kubishania asilimia. Asilimia ijadiliwe mwisho. Kwanza ujue ni mfuko wa nani utakaobeba kazi tangu inaanza hadi malipo yanapoingia, na ni jina la nani litakalobaki kwenye rekodi ya kazi ikishaisha. Mwenye majibu ya maswali hayo mawili hahangaiki sana kuchagua.

Kinachonunuliwa hasa ni nini

Mgeni mara nyingi hufika na mfumo uliokwisha kutengenezwa: wa mapato, wa hospitali, wa majalada. Safari nyingi huishia hapo. Mifumo mikubwa ya serikali imejengwa na wataalamu wa serikali yenyewe: MUSE kwa malipo, GePG kwa control namba, TAUSI kwa mapato na leseni za halmashauri, GoTHoMIS kwa hospitali na vituo vya afya, NeST kwa ununuzi. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, kazi ya kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma, na taasisi inatakiwa kupeleka mradi wake huko kabla haujaanza. Halmashauri ya Mbarali au Kilolo haiwezi kununua mfumo wake wa mapato kwa sababu tu muuzaji alikuja na maonyesho mazuri ukumbini. Mgeni akikwambia ndicho alichokuja kuuza, mweleze mapema, usimpotezee nauli.

Kinachobaki ni kingi, ila hakina mbwembwe. Kuna mitandao ya ndani ya majengo, kompyuta na UPS za vituo vya afya, mashine za POS za kukusanyia ushuru wa viazi Makete, mpunga Mbarali na mbao Mufindi, kamera za usalama, mita za maji za malipo ya kabla, kuskani majalada ya zamani, leseni za programu za ulinzi, mafunzo ya watumiaji na matengenezo ya kila siku. Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa peke yake ina halmashauri 23, na bado hujahesabu mamlaka za maji, hospitali za rufaa na vyuo vya umma kama MUST. Mkongo wa Taifa umepita Iringa na Mbeya hadi Tunduma na Kasumulu, kwa hiyo njia kuu ipo. Pengo liko kati ya barabara kuu na zahanati ya Ludewa.

Fedha kubwa ziko Dodoma. Mradi wa Tanzania ya Kidijitali, kwa mfano, unagharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa mwaka 2021. Mafungu makubwa ya miradi ya namna hiyo hutangazwa kimataifa, na kampuni ya Mafiati au Mkwawa huyafikia kwa kushika mkono wa mwingine.

Vigezo tutakavyotumia

Kila njia tutaipima kwa mambo yale yale: nani anatanguliza fedha na kuweka dhamana, jina la nani linaandikwa kwenye uzoefu, kodi na sarafu zinamwangukia nani, kazi ikiharibika nani anajibu, makaratasi gani yanahitajika, na njia hiyo inamfaa nani. Faida tumeiacha nje kwa makusudi. Asilimia 15 ya kazi inayolipwa baada ya mwezi mmoja na asilimia 15 ya kazi inayolipwa baada ya miezi minane hazilingani hata kidogo.

Ubia

Hapa mnaomba zabuni pamoja, mmoja akiwa mbia kiongozi. Kwenye NeST wabia wote wawili lazima wawe wamesajiliwa, mgeni naye akiwemo, na kiongozi ndiye anayemwalika mwenzake kwenye zabuni. Watu hukwama hapa siku mbili kabla ya kufunga: mgeni hajamaliza usajili, au mwenyeji hana aina ya biashara inayotakiwa kwenye wasifu wake wa mfumo, na NeST haipokei zabuni iliyochelewa hata dakika moja.

*Fedha.* Mzigo unagawanywa kadiri mlivyoandika. Dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki kumlipa mnunuzi mkishindwa kazi, kwa kawaida huwa kama asilimia 10 ya mkataba. Andikeni nani anaitoa, na kwa benki ipi. Benki za hapa mara nyingi humtaka mteja mdogo aweke fedha taslimu sawa na dhamana yote, kwa hiyo milioni 30 za dhamana ni milioni 30 zilizofungwa hadi kazi iishe. Mgeni mwenye uhusiano na benki kubwa anaweza kuitoa kwa ada ndogo tu. Kama kuna sababu moja ya kumkubali mbia wa nje, basi ni hii.

*Jina.* Ubia unakujengea rekodi kuliko ukandarasi mdogo. Mkataba una jina lako, barua ya kukamilisha kazi ina jina lako, na zabuni ijayo utaviambatanisha. Ila wajumbe wa tathmini hutazama sehemu yako ya kazi. Ukiandikwa asilimia 5 ya "uratibu", umebeba jina tupu. Dai kipande kinachosimama chenyewe, kama vile usimikaji wote wa mikoa minne au mafunzo yote.

*Kodi na sarafu.* Mikataba ya ndani ni ya shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza na kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Mgeni anayepiga hesabu zake kwa dola atataka hasara ya kubadilisha fedha mgawane. Kataa, au weka ukomo. Malipo ya huduma kwa mkazi hukatwa zuio, yaani kodi anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, la asilimia 5, kwa asiye mkazi asilimia 15, kwa hiyo sehemu ya kila mbia ionekane wazi kwenye jedwali la bei tangu mwanzo.

*Lawama.* Hiki ndicho kifungu ambacho wengi hawakisomi. Wabia huwajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mgeni akifungasha akaondoka katikati ya kazi, mnunuzi hana haja ya kumfuata Istanbul wakati wewe uko Soweto, Mbeya. Atakudai kazi nzima. Na kufungiwa kwa ubia kunaweza kukugusa wewe kwenye zabuni zako nyingine zote.

*Makaratasi.* Mkataba wa ubia au barua ya kusudio la ubia, hati ya uwakilishi ya anayetia saini, nyaraka za usajili za mgeni zilizothibitishwa, na akaunti ya mradi yenye watia saini wawili. Akaunti ifunguliwe kabla ya kusaini mkataba. Mkishaanza kulipwa, kila mmoja atakuwa na sababu nzuri za kuichelewesha. Kabla ya yote, angalia kama mgeni yumo kwenye orodha ya Benki ya Dunia ya kampuni zilizofungiwa. Iko wazi mtandaoni na kuitazama ni bure.

*Inamfaa* kampuni yenye angalau wahandisi wachache wa kudumu, hesabu zilizokaguliwa na mwanasheria wa kumlipa. Kampuni ya watu watatu itamezwa.

Ukandarasi mdogo

Mgeni, au kampuni kubwa ya Dar es Salaam iliyoungana na mgeni, imeshinda kazi. Wewe unapewa kipande: nyaya, usimikaji, mafunzo, matengenezo ya mwaka mmoja. Kampuni nyingi za nyanda za juu huanzia hapa, na hakuna aibu. Mahali pa kujilinda ni kwenye mkataba wako na mkandarasi mkuu, kwa sababu huna mkataba wowote na serikali.

*Fedha.* Tuseme umepewa mitandao ya vituo vya afya sita vya Rungwe na Busokelo kwa shilingi milioni 60. Vifaa ni milioni 38: nyaya za Cat6, kabati za ukutani, swichi, UPS, fimbo za udongo (za earthing), mabomba ya plastiki. Mkataba uliotumiwa una vifungu viwili vidogo. Kimoja kinasema utalipwa mkandarasi mkuu akishalipwa. Kingine kinashikilia asilimia 10, yaani milioni 6, hadi miezi 12 ya matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro, iishe. Ukisaini hivyo hivyo, milioni 38 zako zimeingia kwenye kazi ambayo tarehe ya malipo yake anaijua mtu usiyemfahamu, katika ofisi usiyoweza kuingia.

Dai mambo matatu. Malipo ya awali yatoshe vifaa: asilimia 40 ya milioni 60 ni milioni 24, haifiki 38, kwa hiyo ama asilimia ipande, ama mkandarasi mkuu anunue vifaa vikubwa mwenyewe. Malipo yawe kwa kituo: kila kituo kikipokelewa, ankara inatoka, usingoje vyote sita. Na kuwe na tarehe ya mwisho, kwa mfano siku 45 tangu kituo kupokelewa, mkuu awe amelipwa au hajalipwa. La tatu ndilo litakalopingwa sana. Usiliachie bure.

Neno kuhusu mapokezi, maana ndiko fedha hupotelea. Kituo hakipokelewi kwa sababu kompyuta zimewaka. Andaa faili la kila kituo: matokeo ya kipimo cha kila pointi ya mtandao kutoka kwenye mashine ya kupimia, lebo zinazolingana upande wa kabati na upande wa ukuta, mchoro wa jengo, namba za utambulisho (serial number) za vifaa vyote, picha ya kabati likiwa limefunguliwa na ya fimbo ya udongo kabla haijafukiwa. Afisa TEHAMA wa halmashauri asaini pamoja na mganga mfawidhi, kwani sahihi ya mganga peke yake hurudishwa mara nyingi. Rungwe ina radi za kutosha. Kituo kisicho na earthing nzuri na kizuizi cha radi kwenye waya unaotoka nje kitarudi kwako na swichi iliyoungua ndani ya matazamio, na hiyo utaibadilisha kwa fedha yako. Halafu kuna kalenda: mwaka wa fedha wa serikali unaishia Juni 30. Faili likikamilika Mei, kuna nafasi ya kulipwa. Likikamilika Juni 25, jiandae kuingia kwenye orodha ya madeni ya mwaka unaofuata.

*Jina.* Hili ni dhaifu. Rekodi ni ya mkuu. Omba kwenye mkataba kwamba utapewa barua ya utekelezaji inayotaja kazi, mahali, thamani na tarehe, na kwamba wewe umetajwa kwa mnunuzi kama mkandarasi mdogo aliyeidhinishwa. Kukutumia bila idhini ya mnunuzi ni kosa la mkuu, lakini atakayefukuzwa eneo la kazi ni wewe.

*Kodi na sarafu.* Huku ndiko kwepesi. Unalipwa shilingi, unatoa risiti ya EFD kwa mkuu, anakata asilimia 5 ya zuio kwenye huduma na kukupa cheti. Dai cheti. Bila cheti TRA haitakurudishia kitu. Tenganisha vifaa na ufundi kwenye ankara ili zuio la huduma lisikatwe kwenye bei ya swichi.

*Lawama.* Ni za kipande chako tu, ilimradi wigo umeandikwa vizuri. "Usimikaji na kazi nyingine zinazohusiana" ni maneno ya hatari. Andika idadi ya pointi, mita za nyaya na ziara za mafunzo, kisha bei ya kila ziada.

*Makaratasi.* Machache: leseni ya biashara, TIN, cheti cha mlipa kodi, mafundi waliosajiliwa pale inapotakiwa, na leseni ya TCRA ikiwa kazi yenyewe ni ya kufunga vifaa vya mawasiliano vinavyohitaji leseni. Ukigusa taarifa za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu: jisajili PDPC, tume inayosimamia taarifa hizo, na fundi wako asitume picha ya skrini yenye majina ya wagonjwa kwenye kundi la WhatsApp akiomba msaada kwa mgeni. Hili hutokea kila siku, na siku likifika kwa mkaguzi hakuna atakayelichukulia kama utani.

*Inamfaa* mwenye mafundi wazuri na mtaji mdogo, anayeijua mikoa hii barabara kwa barabara. Mgeni hajui kwamba kati ya Novemba na Aprili ratiba ya Makete au Ileje inapangwa kwa mvua, wala hajui Kitonga ikifungwa na lori lililolala barabarani mzigo wa Dar unachelewa na mafundi wanakaa nyumba ya wageni bila kazi. Ujuzi huo ndio unaouzwa, uwekee bei.

Uwakala wa bidhaa

Mgeni anatengeneza kitu: POS, mita, UPS, programu ya ulinzi. Wewe unaagiza, unauza kwa taasisi, unahudumia. Zabuni ni yako, barua ya idhini ya mtengenezaji ni yake.

*Fedha.* Njia hii ndiyo nzito kuliko zote kwa mfuko wako, ingawa huonekana nyepesi. Mfano: mkataba wa POS wa shilingi milioni 120 kabla ya VAT. Gharama ya mzigo hadi bandarini ni milioni 84. Mtengenezaji anataka asilimia 30 pamoja na oda na 70 kabla ya kupakia, maana yake umelipa yote mzigo ukiwa bado China. Ukifika, VAT ya asilimia 18 bandarini ni milioni 15.12, bila tozo nyingine. Dhamana ya utekelezaji ni milioni 12. Jumla, milioni 111 zimetoka kabla shilingi moja haijaingia, na kati ya oda na malipo ya halmashauri miezi mitano si mingi. Dola ikipanda asilimia 6 kati ya kufunga bei na kulipa, milioni 84 zinakuwa 89. Mkopo wa benki wa miezi hiyo uingie kwenye bei, usiuache ule faida.

Linalotengua wengi ni muda wa bei. Zabuni hutaka bei isimame siku 90 au 120. Ofa ya mtengenezaji husimama siku 30. Usipeleke zabuni kabla hujapata ofa iliyosainiwa inayovuka muda wa zabuni.

*Jina.* Lako kikamilifu. Kila oda iliyopokelewa vizuri ni uzoefu wako. Lakini bidhaa ni ya mwenzako, na akikuona umefungua soko anaweza kumpa mwingine barua. Ndiyo maana haki ya pekee iandikwe kwa mikoa na kwa muda: kwa mfano Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, miaka mitatu, kwa sharti la kuuza idadi fulani. Andika pia nani anapata malipo ya kuhuisha leseni kila mwaka. Kwenye programu, faida ya kudumu iko kwenye kuhuisha, na wageni hulijua hilo vizuri kuliko sisi.

*Kodi na sarafu.* Unanunua kwa dola, unauza kwa shilingi, hasara ya katikati ni yako. Ukimlipa mgeni ada ya huduma au leseni, unakata asilimia 15 na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mgeni akisisitiza kwamba anataka milioni 100 "zimfikie mkononi", hesabu yako si 115. Ni 100 ugawe kwa 0.85, takribani milioni 117.65. Hizo milioni 17.65 zitatoka mfukoni mwako usipozisema kwenye ofa. Kwa upande wa mauzo, serikali hukata zuio la asilimia 2 kwenye bidhaa. Na mauzo ya mwaka yakifika milioni 200, usajili wa VAT si hiari.

*Lawama.* Mashine 100 zikigoma, halmashauri inakujua wewe. POS iliyozima si usumbufu wa fundi tu. Ni hoja ya ukaguzi, kwa sababu kila siku isiyokuwa hewani ni mapato yasiyoonekana. Kabla ya kuagiza kontena, peleka mashine mbili au tatu za sampuli zijaribiwe na programu ya makusanyo inayotumika, na upate kibali cha maandishi cha wenye mfumo. Mashine nzuri isiyokubali programu hiyo haina mnunuzi. Agiza ziada ya asilimia 10 kwa ajili ya kubadilishana, na betri na chaja zaidi ya hapo: geti la mazao kijijini halina umeme wa uhakika, na betri ndiyo hufa kwanza.

*Makaratasi.* Barua ya idhini inayotaja zabuni yenyewe, kwani barua ya jumla hukataliwa mara nyingi. Kisha cheti cha ubora cha TBS kabla ya kusafirisha, uthibitisho wa TCRA kwa kifaa chenye redio ndani yake, na ushahidi wa karakana ya matengenezo. Kwenye hilo la mwisho mwenyeji ana nguvu ya pekee: amri ya Julai 2025 iliyotaja biashara 15 zisizoruhusiwa kwa wasio raia imejumuisha ukarabati wa simu na vifaa vya kielektroniki. Mgeni hawezi kufungua karakana yake Mwanjelwa, anakuhitaji. Lakini amri hiyo hiyo inamwadhibu pia raia anayemwazima mgeni jina. Wakala wa kweli ana stoo yake, mafundi wake na hesabu zake. Mwenye leseni ukutani huku mgeni akiendesha kila kitu hana utetezi.

*Inamfaa* mwenye mtaji au njia ya mkopo, na mwenye tabia ya kuhudumia baada ya kuuza. Mfanyabiashara wa kuuza na kusahau akae mbali.

Na kwenda peke yako?

Ipo, na haihitaji mgeni. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 na kanuni zake za 2024 zimetenga zabuni zilizo chini ya viwango fulani kwa kampuni za ndani pekee, na asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya taasisi ni kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Matengenezo ya kompyuta ya halmashauri, mafunzo, wino na vifaa vidogo vinaingia humo. Faida ni ndogo na fedha inazunguka polepole, lakini barua tatu za namna hiyo ndizo zitakazokupa sauti mezani mgeni atakapokuja.

Kwa hali yako

Kama kampuni yako ina umri chini ya miaka miwili na haina kazi ya serikali hata moja, anza na ukandarasi mdogo au zabuni zilizotengwa. Ubia utakupa jina, ndiyo, lakini utakupa na dhima usiyoweza kuilipa.

Kama una mafundi na huna fedha, ukandarasi mdogo, kwa masharti ya malipo ya kila kituo. Mgeni akikataa malipo ya awali kabisa, muulize kama ananunua vifaa mwenyewe. Akikataa na hilo, ujue anatafuta mkopo usio na riba na amekuchagua wewe uutoe.

Kama una fedha na duka linalofahamika, lakini wahandisi ni wa kuazima, uwakala wa bidhaa moja au mbili unazoweza kuzitengeneza mwenyewe. Usichukue bidhaa sita. Stoo ya vipuri vya bidhaa sita itakula mtaji wote.

Kama zabuni ni ya kimataifa na inadai mauzo ya mwaka ambayo huna, ubia ndio mlango pekee, na hapo unalo la kumpa mgeni: usajili, mafundi, lugha, na ushirikishwaji wa wazawa unaompa alama. Dai kipande chenye jina na dhamana itoke kwake.

Kama mgeni anataka kuja na wahandisi wake, uliza mapema vibali vya kazi na ukaazi vitaombwa na nani na kwa gharama ya nani. Fundi aliyeingia kwa viza ya utalii akikutwa na Uhamiaji juu ya ngazi ndani ya hospitali ya wilaya, kazi inasimama siku hiyo hiyo.

Kama mgeni anataka hisa za kampuni yako kuliko kazi ya pamoja, mpeleke kwa mwanasheria kabla ya kumpeleka BRELA. Umiliki ukihama kutoka kwa raia, unaweza kupoteza hadhi ya kampuni ya ndani, na kwa hiyo zabuni zile zile zilizomfanya akutafute.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, mwombe mgeni ajibu kwa maandishi, kwa kila moja, nani anatoa dhamana, nani ananunua vifaa, na utalipwa ndani ya siku ngapi baada ya mapokezi. Weka majibu hayo mbele ya mhasibu wako pamoja na taarifa ya benki ya miezi sita iliyopita, akuonyeshe mwezi gani salio linagusa sifuri.